Utafiti uliokosa wafadhili ulizaa Nobel, wahadhiri wetu wakiwa barabarani

AKADEMIA ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi ilipotangaza mnamo Oktoba 8, 2025 kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia imewaendea Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, vyombo vingi vya habari vilikimbilia jambo moja: uvunaji wa maji kutoka kwa hewa ya jangwani.

Ni habari tamu, tena ya kweli. Hata hivyo, ipo sehemu nyingine ya taaluma hiyo isiyotajwa sana, nayo yaonyesha waziwazi zaidi muda ambao wazo la kisayansi huhitaji ili likomae. Nayo ni viunzi vinavyojengwa kwa porfirini.

Watatu hao walituzwa kwa kubuni viunzi vya metali na kaboni. Msomaji na awazie jengo ambalo bado ni nguzo na boriti tupu, lisilo na kuta. Atomu za metali ndizo vifundo vya pembeni, molekuli za kaboni ndizo boriti, na nafasi zilizobaki ni vyumba ambamo gesi huingia na kutoka. Gramu chache tu za unga wa aina hii, kwa mfano kile kiunzi ambacho Yaghi alikitangaza mwaka 1999, huwa na uso wa ndani unaolingana na uwanja wa soka.

Porfirini nayo ni molekuli bapa mithili ya pete, yenye tundu katikati linaloweza kushika atomu moja ya metali. Ikishika chuma na kutiwa ndani ya himoglobini, ndiyo inayoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni mwilini. Jamaa yake wa karibu, anayeshika magnesi, ni klorofili ya majani.

Aliyewahi kuugua malaria ana uhusiano wa karibu na pete hii kuliko anavyodhani. Vimelea vya ugonjwa huo hula himoglobini na kubakiwa na pete yenye chuma, ambayo ni sumu kwavyo, kisha huigeuza kuwa fuwele zisizovidhuru. Dawa ya klorokwini, kabla ya vimelea kuizoea, ilifanya kazi kwa kuvuruga hatua hiyo hasa.

Wanakemia walijiuliza swali jepesi kutamka: iwapo maumbile yameitumia pete hii kwa kazi nzito kiasi hiki, mbona isifanywe boriti ya jengo?

Chanzo cha jibu kilikuwa darasani. Mwaka 1974 Robson alikuwa akiandaa mipira ya mbao ili wanafunzi wake wajifunze kuunda molekuli, na akatambua kwamba mahali mashimo yalipotobolewa ndipo palipoamua umbo zima. Wazo hilo alikaa nalo kwa zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kulijaribu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Mwaka 1991 yeye na wenzake walikuwa wameshafunga porfirini katika mtandao wa aina hiyo, na kufikia 1994 walionyesha mtandao wenye mifereji mipana.

Majengo hayo ya awali yalikuwa mazuri kwa macho, ila dhaifu. Kiondoe kimiminika kilichojaa ndani, na mengi yao huporomoka.

Kitagawa alipitia njia iyo hiyo. Kiunzi alichokitoa mwaka 1992 hakikuwa na kazi yoyote ya maana, na wafadhili waliopelekewa maombi yake hawakuona faida ya kumpa fedha. Aliendelea. Mwaka 1997 akapata viunzi vilivyoweza kufyonza na kuachilia methani, nitrojeni na oksijeni pasipo kupoteza umbo.

Kwa upande wa porfirini, subira ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 2012, miaka 21 baada ya jaribio la kwanza la Robson, kundi la Hong-Cai Zhou katika Chuo Kikuu cha Texas A&M lilitumia zirkoni kama kifundo na kupata kiunzi kilichostahimili hata asidi kali, chenye mifereji ya upana wa nanomita 3.7. Kundi la Yaghi lilitangaza viunzi vya jamii hiyo mwaka uo huo. Hapo ndipo pete ilipopata nyumba isiyobomoka.

Matumizi yakafuatana upesi. Mwaka 2014 kundi la Wenbin Lin wa Chuo Kikuu cha Chicago lilitumia chembe za kiunzi cha porfirini na metali ya hafni dhidi ya uvimbe wa saratani katika panya. Zilipomulikwa, porfirini iligeuza oksijeni kuwa silaha ya kuua seli, na nusu ya panya hao walipona uvimbe kabisa. Mwaka 2015 watafiti wa Berkeley, Yaghi akiwa miongoni mwao, walitia kobalti katikati ya pete na kutumia umeme kugeuza hewa ya kabonidayoksaidi kuwa kabonimonoksaidi. Hii ya pili ni gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani, lakini viwandani ni malighafi ya mafuta na plastiki. Zaidi ya asilimia 76 ya umeme uliotumika ulikwenda katika kazi iliyokusudiwa.

Tahadhari inafaa hapa, kwani wapigadebe wa sayansi hawana breki. Jaribio hilo la kobalti lilithibitisha uthabiti kwa saa saba. Kiwanda huhesabu kwa miaka. Panya si binadamu. Aidha, porfirini yenyewe si rahisi kutengeneza: mbinu inayotegemewa tangu 1967 huzaa takriban asilimia 20 tu, na sehemu kubwa ya malighafi huishia kuwa masizi ya kutupwa.

Sasa tugeukie nyumbani. Siku tangazo la Nobel lilipotolewa, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya walikuwa wamesusia kazi tangu Septemba 17, wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa malipo wa 2017 hadi 2021. Mgomo huo ulimalizika Novemba 5, baada ya siku 49.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Na hata kingefikiwa, mwandishi huyu ana shaka iwapo kamati zetu zingemstahimili mtu wa aina ya Robson, anayecheza na mipira ya mbao na kuomba apewe miaka kumi na mitano.

Ajabu ni kwamba kuviunda viunzi hivi si ghali. Chupa, kiyeyushi na tanuri la maabara hutosha mara nyingi. Kilicho ghali ni kukisoma ulichokiunda, kwa kuwa fuwele lazima ipigwe eksirei ili mpangilio wa atomu ujulikane. Kwa fuwele ndogo na ngumu kusoma, watafiti huhitaji mitambo mikubwa inayozungusha elektroni ili kutoa mwanga mkali wa eksirei, na hakuna chuo kimoja kinachoweza kumudu mtambo huo.

Jordan, nchi aliyozaliwa Yaghi katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, ilitatua tatizo hilo kwa kushirikiana na wengine. Mtambo wa SESAME ulizinduliwa huko mwaka 2017, na miongoni mwa wanachama wake ni Iran na Israeli, mataifa yasiyosalimiana kwingineko. Afrika, pamoja na mikutano mingi iliyofanywa kuhusu suala hilo, bado ndilo bara pekee linalokaliwa na watu kwa kudumu lisilo na hata mtambo mmoja wa aina hiyo.