Zabuni ya Gizani Haimwiti Fundi Mwema

Ndugu Wanachama,

Wako wanaouliza: sisi watu wa visiwani, mambo ya Kigoma na Ujiji yatuhusu nini? Jawabu letu ni hili. Aliyezika jamaa zake baada ya kuzama Spice Islander tarehe 10 Septemba, 2011, na Skagit tarehe 18 Julai, 2012, hana ugeni na msafiri yeyote wa majini, awe wa bahari au wa ziwa.

Tuitazame Liemba. Ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi zisiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi safarini mwaka 1927. Chombo cha umri huo hakitengenezwi kwa tangazo la mistari mitatu.

Hati ya zabuni ikisema "matengenezo makubwa" tu, mkandarasi mwaminifu afanyeje? Hajui mabati mangapi yameoza, wala atalipwa lini. Ama atapandisha bei kwa hofu, ama atajitenga. Atakayebaki ni yule aliyekwisha kunong'onezwa. Ndipo bei nafuu ya leo huzaa madai ya nyongeza kesho, na meli ikalala gatini.

Hati njema hueleza hali ya chombo kama kilivyopimwa, kazi itakiwayo, muda wake, siku za malipo, na mizani ya kuwapima waombaji. Tena huandikwa baada ya kuulizwa wasafiri. Vituo vingi vya Liemba havikuwa na gati; abiria walishukia mashuani, hata usiku, na watoto na mizigo. Je, mwandishi wa ofisini asiyepata kushuka hivyo atakumbuka kutaja mlango wa ubavuni na taa zake?

Tutaambiwa kuwa haya ni ya wataalamu. Hatuupuuzi utaalamu; walakini fedha ni za wananchi, na roho zipandazo ni zao.

Kwa hiyo twadai hati ya kila zabuni ya chombo au gati, bara na visiwani, iwe wazi kwa wote, pamoja na sababu za kuchaguliwa mshindi. Nanyi, Ndugu, itangazwapo zabuni hapa kwetu, iombeni hati yake, isomeni barazani, na mkiona pengo, semeni kabla mkataba haujatiwa saini.