Kompyuta ibonyeze vitufe, tajiri aidhinishe mwenyewe

Bei ya kabichi na viazi katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro hupatikana mapema asubuhi, mara magari kutoka Mgeta yanaposhusha mzigo. Saa hizo hizo karani wa mfanyabiashara anayeagiza bidhaa nje, au mwenye hisa zake chache, huwa amekaa mbele ya kompyuta akinakili tarakimu. Anafungua tovuti ya Benki Kuu achukue viwango vya fedha za kigeni, anahamia ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, kisha anaandika yote katika Excel. Kesho yake anarudia.

Tuseme kazi hiyo inachukua dakika 20 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa mbili kila wiki, na zaidi ya saa 100 kwa mwaka. Kwa maoni yangu, wakati umefika wa kuiachia kompyuta kazi hiyo. Hata hivyo, iachiwe kwa masharti.

Chombo kipo na hakina gharama. Kwa watumiaji wa Windows ipo programu ya AutoHotkey, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 2003. Wenye kompyuta za Apple wana AppleScript tangu 1993. Karani huandika maagizo katika faili fupi, yaani skripti, na kompyuta yenyewe husogeza kipanya, hubonyeza kitufe cha kivinjari, hujaza kisanduku na kunakili jibu.

Hatari ya kwanza iko katika namna ya kukipata kitufe. Njia rahisi ni kuiambia kompyuta ibonyeze mahali fulani pa kioo, kwa vipimo. Siku tovuti ikiweka tangazo juu ya ukurasa, au mtu akikuza maandishi, kila kitu kinashuka. Skripti haina habari. Inabonyeza pale pale na kuchukua kilichopo. Chukulia imenakili bei ya kununulia dola badala ya ya kuuzia, na tofauti ni shilingi 25. Kwa mzigo wa dola 5,000, hesabu yako imepotoka kwa shilingi 125,000 kabla hujafungua duka.

Njia bora ni kukiita kitufe kwa jina lake. Tangu 1997 Microsoft ilipoleta mfumo wa kuwasaidia watumiaji wenye ulemavu, Windows inaweza kuieleza programu nyingine kwamba hapa pana kitufe, jina lake ni hili, na kazi yake ni hii. Programu zinazowasomea wasioona hutegemea maelezo hayo, na skripti nayo inaweza kuyatumia. Kitufe kikihama, jina linabaki. Kwa hiyo taasisi zinazotengeneza tovuti bila kuvipa vitufe majina zinamkosesha huduma asiyeona, na mfanyabiashara naye anaumia.

Aidha, skripti ifundishwe kusubiri. Wengi huiambia ingoje sekunde tano kisha iendelee. Mtandao wetu hauendi kwa saa ya ukutani. Ingoje mpaka jedwali lionekane, na lisipoonekana isimame na kumwita karani. Skripti inayosimama ni afadhali kuliko inayoendelea na tarakimu za jana.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Kusoma bei ni jambo moja, kufunga mkataba ni jingine. Skripti inaweza kujaza ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, au kuandaa oda ya hisa. Kitufe cha mwisho cha kutuma kibonyezwe na mtu, baada ya kusoma. Kosa la kusoma hurekebishwa kwa kufuta mstari, lakini oda iliyokwisha kutekelezwa ni deni.

Vile vile, nywila isiandikwe ndani ya skripti. Faili hiyo ni maandishi ya kawaida. Yeyote anayeifungua kwa Notepad anaisoma. Ni sawa na kuacha ufunguo wa kasiki chini ya mkeka wa mlangoni. Na skripti isitumwe mahali ambapo mwenyewe huna idhini ya kuingia, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa.

Wapo watakaosema kwamba hii ni njia ya kumpunguza karani. Tajiri atakayefanya hivyo atakuwa amekosea hesabu. Bei iliyo kwenye kioo ni ya mzigo uliokwisha kufika. Ya wiki ijayo inaanzia Nyandira na Langali, kwa mvua iliyonyesha juu ya Uluguru, hali ya barabara ya kutoka Sangasanga, na idadi ya matuta yaliyo tayari kuvunwa. Hakuna kitufe cha kivinjari kinachojibu hayo.

Saa 100 zilizookolewa zitumike huko. Karani apande mlima, aongee na wakulima, arudi na habari ambayo mshindani wake hana. Kompyuta ipewe kunakili. Kuamua kubaki kwa mwenye mali.