Gramu 48 za dhahabu na galaksi ya mbali

Novemba 2023, jarida la kisayansi la Nature lilitoa habari za galaksi inayoitwa ceers-2112. Ina mikono iliyojipinda na upau wa nyota uliokatiza katikati, kama ilivyo Njia Nyeupe yetu. Nuru yake imesafiri miaka bilioni 11.7 hadi kutufikia. Ilipotoka, ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka bilioni 2 na ushei. Wataalamu wengi waliamini upau hauwezi kujijenga mapema hivyo, kwani huhitaji galaksi iliyokwisha kutulia. Kundi lililoongozwa na Luca Costantin wa Madrid liliitambua kwenye picha za darubini ya James Webb, ambayo kioo chake chenye upana wa mita 6.5 kimepakwa dhahabu, maana dhahabu huakisi vizuri mno miale ya infraredi. Dhahabu yote iliyotumika ni gramu 48 hivi.

Kiasi hicho si kigeni kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, Tanzania. Tofauti iko kwenye elimu iliyoizunguka dhahabu ile, na elimu hiyo haikufungiwa: picha hizo za Webb ziliwekwa wazi kwa dunia nzima tangu mwanzo. Aliyezipata Madrid angeweza kuzipata Nyankumbu, Geita. Kwa hiyo naona sehemu ya fedha ambazo migodi hutoa kwa jamii, kwa mipango inayokubaliwa na halmashauri chini ya marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, ilipie walimu wa fizikia, kompyuta na intaneti katika shule za sekondari za ukanda huu.

Wapo watakaosema maji na zahanati kwanza. Wana haki, na sipendekezi kisima hata kimoja kiahirishwe. Madarasa tayari hujengwa kwa fedha hizohizo, nami naomba ndani yake awepo mwalimu. Wengine watauliza nyota zinamlisha nani. Lakini kuisoma nuru ili kujua kilichomo ndani ya nyota ni ujuzi uleule unaotumika maabara kupima dhahabu iliyomo kwenye jiwe. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, asiyepata kipimo hicho huuza mawe yake kwa kubahatisha, na hasara ni yake. Kijana wa Shinyanga aliyefundishwa fizikia hiyo ataweza kumpimia, na akipenda, jioni afungue picha za Webb atafute upau ambao bado hakuna aliyeuona.