Foto za Watu Zirudi kwa Wenyewe



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma juu ya kuchelewa asubuhi, usafi wa vyoo na mechi za mpira. Leo sisi wafinalisti tunaomba nafasi tuseme neno juu ya foto. Tunajua wengine watasema: egzamen ya Serikali inakaribia, na makapita wanaandika habari za foto! Lakini kuna deni, na mwenye deni halali vizuri.

Ninyi nyote mnajua kwamba tangu mwezi wa kumi tuko katika mradi wa kujifunza kupiga foto za watu. Si foto za milima wala za ziwa, ni foto za uso wa mtu mmoja, amekaa au amesimama, anakutazama. Mwalimu wetu wa fizikia alikubali kutusimamia. Alisema kwamba mwanafunzi aliyeshika apareyi mkononi hatasahau tena somo la lensi na mwanga. Apareyi ni moja tu, tuliyopewa na mkubwa wetu aliyesoma hapa zamani, na sisi tuko kumi na wanne. Hesabuni wenyewe ugomvi ulivyokuwa. Wavulana waliishika sana, na dada zetu wakaachiwa kazi ya kushika shuka nyeupe ya kurudisha mwanga. Hilo nalo tunalisema hapa, maana walilisema mbele yetu na hatukujibu vizuri.

Siku za kwanza tulifanya kazi ya bure kabisa. Tulimsimamisha mwenzetu saa sita mchana mbele ya ukuta mweupe wa darasa, tukapiga. Ukuta ulitoka unang'aa, na uso wa ndugu yetu ukatoka mweusi kama chini ya sufuria, macho hayaonekani. Tukasema apareyi imeharibika. Mwalimu alicheka. Akatufafanulia kwamba apareyi haijui mtu ni nani wala ukuta ni nini. Inapima mwanga wote unaoingia na kutafuta kuweka yote katikati, si nyeupe wala si nyeusi. Ikiona ukuta mweupe mkubwa, inadhani mwanga ni mwingi mno, inaupunguza, na anayelipa ni mtu aliyesimama mbele.

Basi akatupeleka mlangoni. Mtu asimame ndani ya mlango, hatua moja tu toka kizingiti, uso wake utazame nje. Jua lisimpige, lakini mwanga wa mbingu umfikie, na nyuma yake kuwe giza la nyumba. Sisi tusimame nje, karibu metre mbili, tulenge jicho lililo karibu nasi. Tulipoangalia foto ile tulinyamaza wote. Uso ulikuwa na rangi yake ya kweli, na ndani ya kila jicho kulikuwa nukta ndogo ya mwanga. Siku ile ndipo tulipoelewa kwamba nyumba za zamani za Bagira, ambazo tunazilaumu kuwa madirisha ni madogo, kila moja iko na studio yake mlangoni.

Mwalimu alituambia jambo lingine ambalo lilitushangaza. Zamani, tangu miaka ya 1950, maduka ya kusafisha filamu za rangi yalipimia mashine zao kwa karti yenye foto ya mwanamke mzungu, iliyotumwa na kampuni ya Kodak. Uso wake ukitoka vizuri, basi mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Kwa hiyo tukiona katika foto za rangi za wazazi wetu uso umepotea na meno tu yanaonekana, tusiwacheke. Kosa halikuwa la uso wa baba zetu.

Baada ya hapo tulitoka shuleni, Jumatano na Jumamosi, tukateremka hadi sokoni. Hapa tulijifunza kwamba kazi ngumu haiko katika apareyi. Mtu akiona lensi anakaza uso, anakuwa kama yuko mbele ya watu wa karti ya uchaguzi. Ukimwambia "cheka", ni mbaya zaidi. Dawa tuliyoipata ni kumwuliza juu ya kazi yake. Fundi wa viatu, mzee mmoja aliyekaa na sindano zake karibu na njia, tulimwuliza ngozi nzuri anaitambua namna gani. Akainua kipande kimoja, akaanza kutueleza, na alipotutazama kuona kama tumeelewa, tukapiga. Ile ilikuwa foto bora ya mwaka mzima. Tunasema ilikuwa.

Kila mtu tuliyempiga alituuliza neno moja: mutaniletea? Na kila mmoja tulimjibu: ndiyo. Koko mmoja anayeuza ndizi alitengeneza kitambaa chake cha kichwa mara tatu mbele ya kukubali. Wiki iliyofuata alituona, akatuita: "Batoto bangu, ile foto yangu iko wapi?" Tukasema: "Koko, itakuya." Wiki ya pili vilevile. Ya tatu tukaanza kupita njia ya juu, ile ya kuzunguka, ili asituone. Makapita wa shule, wanaoandika majina ya wachelewaji mlangoni, wanakimbia koko wa ndizi! Tusifichane, ndivyo ilivyokuwa. Katika daftari letu tuna watu 43 tuliowapiga. Waliopata foto yao mkononi ni 6, na kati ya hao 4 ni wazazi wetu wenyewe.

Mwezi wa kwanza yule mzee wa viatu alifariki. Binti yake alikuja mpaka mlangoni pa shule na kitenge cha kilio, akatuomba kwa upole: "Ile foto yenye mulipigaka papa, tunaiomba tuiweke juu ya sanduku." Tulikimbia kutafuta. Haikuwepo. Mwezi wa kumi na mbili, mbele ya mechi, tulikuwa tumefuta kila kitu katika apareyi ili tupate nafasi, na hakuna aliyekuwa ameihifadhi mahali pengine. Foto za mechi zipo, nyingi sana, na mpira hauonekani hata katika moja. Familia ilikwenda kukuzisha foto ya karti ya uchaguzi. Tulisimama nyuma kabisa siku ya maziko, tukaona juu ya sanduku uso uliokazwa, macho yametoka, kama mtu anayengoja kufungwa. Mzee yule hakuwa hivyo. Sisi tulimwona akiwa na kipande cha ngozi mkononi.

Sasa tuje kwenye shauri linalotugawanya. Kuna fedha kidogo ya mradi, iliyotoka kwa wazazi na kwa chorale. Haitoshi mambo mawili. Upande mmoja unataka foto kubwa 8 katika fremu, zitundikwe katika sali siku ya sikukuu ya mwisho wa mwaka, wageni wazione. Upande wa pili unataka kopi ndogo, za kiasi cha kiganja cha mkono, moja kwa kila mtu aliye katika daftari. Sisi tuko upande wa pili, na tunaandika ili tuwavute na ninyi.

Wenye kutaka maonyesho si watu wabaya. Wanasema shule ijulikane, na mgeni akifurahi labda atatuletea apareyi ya pili. Ni kweli. Wanasema tena kwamba wenye foto wanaweza kuja kujitazama ukutani. Hapo tunauliza: koko mwenye miguu inayouma apande mlima huu, aingie kati ya wageni waliovaa suti, aone uso wake umekuwa pambo la sali yetu, halafu arudi sokoni mikono mitupu? Na tutamwambia nini tena? Itakuya?

Wengine wanasema: mambo ya karatasi yamepita, watumieni kwa simu. Lakini koko simu yake ni ya vibonye, haionyeshi foto. Na simu inaibwa, inavunjika, inazimika. Waulizeni wazazi wenu habari ya mwaka 1996 vita ilipoingia Bukavu, au 2004, na sisi wenyewe tunakumbuka mwezi wa pili 2025. Mtu akikimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria. Albamu inabaki. Wengi kati yetu hatujui uso wa babu aliyezaa baba yetu. Ndiyo sababu tunataka kopi mbili, moja nyumbani kwa mtu na nyingine katika kitabu cha shule. Moja ikipotea, nyingine ibaki.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kama kutundika nyuso za watu si kujifanyizia sanamu. Tulimjibu kwa heshima kwamba katika nchi yetu foto za watu zilitumika zamani kutetea watu, na aliyezipiga alikuwa mmisionari wa Kiprotestanti. Mwaka 1904, huko Baringa, baba mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alikuja kwa misioni akibeba mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira ya Abir. Bibi Alice Seeley Harris alimpiga foto amekaa barazani, anatazama vile vilivyobaki vya mtoto wake. Foto zake zilionyeshwa Uingereza na Marekani, katika mikutano mingi, ukutani kwa taa, na watu wakakasirika. Mwaka 1908 Mfalme Leopold alinyang'anywa Kongo, nayo ikawa koloni ya Ubelgiji. Foto si kitu cha mchezo.

Lakini tazameni jambo moja dogo hapo. Tunajua jina la Nsala. Tunajua jina la kijiji chake na la mtoto wake. Mtu aliuliza, akaandika. Miaka ya baadaye mpiga foto Mpolandi, Casimir Zagourski, aliyekaa Léopoldville tangu 1924, alitengeneza kadi za posta nyingi za watu wa Kongo na wa nchi jirani. Ni foto nzuri sana kwa kazi ya mwanga, mwalimu alituonyesha kadhaa. Chini yake imeandikwa kabila la mtu, na mara nyingi basi. Jina hakuna. Mama yule aliyesimama vizuri hivyo ni mama ya nani? Wajukuu wake leo hata wakipita mbele ya kadi ile hawawezi kusema: huyu ni wetu. Na sisi, katika watu 43, tisa tuliwaandika "mama wa makala", "papa wa kinga", "mtoto wa maji". Tumefanya kama yule mzungu, tena bila ufundi wake.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Gisenyi. Mwaka 2000 Mmarekani mmoja, David Jiranek, aliwapa watoto yatima wa Imbabazi apareyi za bei ndogo, zile za kutumia mara moja na kutupa. Watoto walipigana foto wao kwa wao. Foto zilisafishwa hapo hapo karibu, zikatundikwa katika kuta za nyumba yao na kuingia katika albamu zao wenyewe. Mwaka 2001 ndipo zilipoonyeshwa Kigali kwa wageni, na mtoto mmoja akapata zawadi ya kwanza ya foto za watu katika mashindano ya gazeti la Marekani. Wale wanaotaka sali na fremu wautazame utaratibu huo. Kwanza foto zilikaa kwa wenyewe. Maonyesho yalifuata, na hayakupoteza kitu.

Tunapendekeza basi hivi. Anayechukua apareyi awe kwanza amepeleka kopi za watu aliowapiga mara iliyopita, na kapita atazame daftari mbele ya kumpa. Jina la mtu liandikwe lote, kama anavyolitamka yeye, na mtaa wake. Aulizwe kama anakubali uso wake utundikwe shuleni, na akikataa, asisumbuliwe, kopi yake apewe vilevile. Hakuna kufuta kitu katika apareyi mpaka mwalimu aseme. Na shuka nyeupe ishikwe kwa zamu, wavulana wakianza.

Mtatuuliza kwa nini hatutii hata foto moja hapa. Ni kwa sababu ya fotokopi yetu, ambayo inageuza kila uso kuwa makaa, na tumekwisha kuwafanyia watu wa Bagira ubaya wa kutosha.

Komite itakutana Ijumaa baada ya ibada. Wajumbe wa kila darasa wana sauti moja, waambieni mnavyotaka. Ila kuna kopi nne ambazo hatukungoja komite, tulichanga sisi wenyewe. Ya koko wa ndizi ni ya kwanza, na Jumamosi tutapita njia ya chini.