Gari Haina Kiu

Wasee, kuna kitu tumezoea mpaka tunaona ni kawaida. Panda van ya abiria kwenda nje ya Nairobi, halafu chungulia chini ya viti. Mara nyingi utapata mtungi wa lita 5, ule wa mafuta ya kupika yaliyoisha, umejaa maji. Ukiuliza ni wa nini, unaambiwa, "Ni ya gari." Ati gari ikisikia kiu inywe.

Gari haina kiu. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yanatoka kwa injini, yanaenda kwa rejeta, yanapoa, yanarudi. Hayatumiki kama mafuta. Kama unaongeza lita moja kila asubuhi, hiyo lita inapotelea mahali. Paipu imepasuka, ama wota pampu inavuja, ama kifuniko cha rejeta kimechoka, ama gasketi ya hedi imeanza kwenda na maji yanachomekea ndani ya silinda. Huo mtungi ni dalili ya ugonjwa, na sisi tumeugeuza kuwa dawa.

Na mara nyingi ugonjwa umeletwa na hayo maji yenyewe, maji ya mfereji ama ya kisima.

Najua mtaniambia nini. "Kulanti ni ya nchi za barafu, sisi huku hatuna baridi." Hii maneno imeua injini nyingi. Ni kweli kulanti huzuia maji yasigande, lakini hiyo ni kazi moja tu. Kazi ya pili ni kupandisha kiwango cha kuchemka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hapa maji kwa sufuria wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Ukipanda Timboroa yanachemka mapema zaidi. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huongeza kama nyuzi 7 ama 8, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima kinaongeza presha, kiwango kinapanda tena. Sasa fikiria van imebeba watu 14 na mizigo juu, inapanda kutoka Mai Mahiu na gia ya pili saa nane mchana. Hapo ndipo unataka kila nyuzi unayoweza kupata. Kwa hivyo sisi watu wa milima tunahitaji kulanti, tena sana.

Kazi ya tatu ndiyo watu hawaioni kwa macho. Chukua HiAce tulizozoea. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini. Weka metali mbili tofauti kwa maji yenye chumvi, moja italiwa. Dawa zilizo ndani ya kulanti ndizo zinazozuia hiyo kutu. Maji ya kisima yanaleta chokaa juu yake, ile ile nyeupe unaona chini ya birika yako ya chai. Vijia vya rejeta ni vyembamba. Vikishika chokaa na kutu, umebaki na rejeta ya maonyesho.

Halafu kuna ule mchezo wa kutoa thamostati. Gari ikichemsha mara moja, mtu anakwambia, "Toa hiyo kitu, ni ya Ulaya." Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate joto haraka, halafu kwa gari nyingi unafunguka ikifika nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inakimbia baridi, inakula mafuta zaidi na inachakaa mapema. Na kuna injini ambazo ukiitoa, maji moto yanapata njia ya mkato, yanarudi kwa injini bila kupita kwa rejeta. Yaani umetoa kifaa ili gari isichemshe, na sasa inachemsha zaidi.

Sasa mimi nasema hivi: kumwaga na kujaza kulanti ni kazi ya Jumamosi asubuhi, nyumbani. Sina digrii ya uhandisi, chuo nilikiacha. Lakini kitabu cha gari kiliandikwa kwa mwenye gari, na kinasema kulanti gani na lita ngapi. Kisome.

Kazi yenyewe ni hii. Gari ilale usiku mzima, iwe baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kidogo, kwa sababu ile presha inarusha maji yanayochemka usoni mwako. Egesha pahali tambarare, zuia magurudumu, weka beseni chini. Fungua kifuniko juu, halafu skurubu ya kumwagia chini ya rejeta. Mwaga na ile chupa ya akiba. Rejeta pekee haimalizi yote, mengine yanabaki kwa bloku, na bloku nyingi zina skurubu yake. Kama yanatoka rangi ya chai, suuza kwa maji safi, washa injini kidogo, zima, ngoja ipoe, mwaga tena, mpaka yatoke meupe.

Kisha jaza. Kama kulanti imechanganywa tayari kiwandani, mimina hivyo hivyo. Kama ni nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri. Si asidi ya betri, tafadhali. Na usinunue rangi. Maji yakitiwa rangi ya kijani bado ni maji. Soma karatasi, tafuta maneno "ethylene glycol", na uone kama inafaa gari yako.

Mimina polepole huku ukifinya paipu ili hewa itoke. Weka hita kwa moto wa mwisho, na kama van ina hita ya nyuma, nayo pia, kwa sababu paipu zake ni ndefu na hewa hupenda kujificha huko. Washa injini kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, usiiname juu yake, ongeza inaposhuka, ngoja thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Funga. Kesho yake asubuhi, ikiwa baridi, angalia tena. Ikiwa imeshuka kidogo, ongeza. Ikiendelea kushuka kila siku, una uvujaji, na hapo sasa ni kazi ya fundi. Sijasema mafundi hawana kazi. Nasema usimlipe mtu kufungua hedi kwa sababu ulikataa kununua mtungi wa kulanti.

Ile uliyomwaga usiitupe kwa mtaro. Ni sumu, na ina utamu. Mbwa ama mtoto akionja, figo zinaenda. Iweke kwa mtungi uliofungwa, uandike, na uulize kwa gereji wanakomwaga mafuta machafu kama watakupokelea.

Mwisho nataka kuongea na wenye van, si madereva. Dereva anabeba mtungi kwa sababu wewe unauliza hesabu ya jioni tu. Akikuomba pesa ya kulanti unamwambia aongeze maji. Siku gasketi ikienda, gari inalala gereji wiki mbili, mkopo wa sacco haulali, na unamfuta yeye. Ndiyo, gari ikichemsha porini, maji yoyote safi ni sawa ya kukufikisha, injini ikishapoa. Hiyo ni dharura, na dharura haiwezi kuwa kila siku.

Na abiria, nyinyi mlilipa nauli ya kufika. Mkishukishwa gizani barabarani mkiambiwa "gari inapoa kidogo", jueni kuna mtu aliokoa pesa ya mtungi mmoja, na hiyo pesa mnailipa nyinyi hapo kwa baridi.

Nibishieni.