Sarafu za Katanga zinaharibika ndani ya nyumba zetu

Mvua zikianza Kolwezi, kila mtu anawaza paa, mashimo ya barabara na malaria. Mimi nawaza boksi la biskuti la marehemu babu. Ndani yake mna sarafu kumi na moja za Katanga za mwaka 1961, za franga 1 na franga 5, alizozihifadhi feza hiyo ilipokufa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilizisugua zote kwa ndimu na mchanga hadi zikang'aa kama sufuria mpya. Nilimpelekea babu nikingoja anisifu. Aliziangalia, akafunga boksi, hakusema kitu. Nilielewa miaka mingi baadaye.

Kwa vijana wasiozijua: serikali ya Moïse Tshombe ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na mwaka uliofuata ikatoa sarafu zake za bronzi. Upande mmoja zina ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba, ule ule ambao wazee wetu walikuwa wakiutumia kama feza kabla ya Mzungu kufika. Kujitenga kuliishia hapa hapa Kolwezi, Januari 1963. Unaweza kumpenda Tshombe au kumchukia. Sarafu hizo ni ushahidi wa yaliyotupata, na hazitatengenezwa tena.

Siku hizi vijana wa komini ya Manika wananionyesha kwenye simu picha za sarafu kama hizo zikiuzwa Ulaya na Marekani, zimefungwa ndani ya kikasha cha plastiki ngumu chenye namba. Hiyo ni kazi ya makampuni ya Marekani kama PCGS na NGC. Wanaipima sarafu, wanaipa daraja kati ya 1 na 70, na ikiwa ni ya shaba wanaandika pia rangi yake: nyekundu, kahawia, au mchanganyiko wa hizo mbili. Sarafu iliyosuguliwa kama zangu hainyimwi kikasha, lakini haipati namba ya daraja. Wanaandika tu kwamba ilisafishwa. Ndimu ya dakika tano imeondoa kile ambacho miaka hamsini haikukiondoa.

Ninachopinga ni imani kwamba kikasha hicho ni kinga. Si kinga. Hewa inapita, na penye hewa ya mvua unyevu unapita pia. Shaba iliyo ndani inaendelea kubadilika polepole, hata ikiwa na daraja la juu. Sisi wa Kolwezi tungepaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wote. Malakiti tunayoiokota ni nini, kama si shaba iliyokutana na maji na hewa kwa muda mrefu sana? Sarafu iliyosahauliwa chini ya kitanda, juu ya sakafu ya sima, imeshika njia hiyo hiyo.

Kuizuia hakuhitaji feza nyingi. Usiioshe, usiisugue, usiipake mafuta. Ishike kwa ukingo, maana jasho la vidole lina chumvi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa shaba. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC, itupe: ikizeeka inatoa ute wa kijani unaokula sarafu. Mpira wa kufungia noti nao una salfa, inayoitia weusi. Chukua kopo la plastiki ngumu lenye kifuniko kinachobana, weka humo sarafu pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya. Vinanyonya unyevu, lakini si milele, vikishiba, vibadilishe. Kopo likae kabatini, mbali na ukuta wa nje na mbali na joto la bati. Ukiona unga wa kijani kibichi hafifu unaorudi kila ukiupangusa, hiyo si kutu ya kawaida, ni chumvi inayofanya kazi ndani ya chuma. Hapo ukavu ni wa lazima, na fundi wa makumbusho anajua zaidi yako.

Lakini familia peke yake haitoshi. Misalaba ya kale iliyochimbuliwa kwenye makaburi ya Sanga ilipata wataalamu wa kuitunza. Sarafu za babu zetu zina nani? Nimewaona wanunuzi wa vyuma chakavu wakizipima pamoja na nyaya, kwa kilo. Nawaomba viongozi wa jimbo la Lualaba chumba kimoja tu hapa Kolwezi, chenye hewa kavu na kitabu cha kuandikisha, ambapo familia itaacha sarafu zake na kubaki na hati inayosema ni mali yake. Malori ya shaba yanatoka hapa mchana na usiku. Sidhani chumba kimoja kitatushinda.

Boksi la biskuti nimelistaafisha, lilikuwa na kutu yake lenyewe. Sarafu kumi ziko ndani ya kopo. Ya kumi na moja, yenye unga wa kijani, nimeitenga peke yake, na vifuko vyake navibadilisha kila mwezi mvua zinaponyesha.