Kikundi Hupimwa kwa Waliobaki



Kila mwanzo wa mwaka tunashuhudia jambo lilelile katika vikundi vyetu vya Bukavu. Jumamosi ya kwanza ya Januari, kabla ya jua kuchomoza, vijana wengi hukusanyika katika uwanja wa parokia kwa ajili ya futingi. Huimba, hupiga makofi, hupanda na kushuka vilima vya mji kana kwamba njia yote ni tambarare. Jumamosi ya pili idadi hupungua kidogo, na ya tatu hupungua zaidi. Kwaresima inapoanza, hubaki watano au sita, nao ni walewale waliokuwa na nguvu tangu mwanzo. Hapo sisi tuliobaki hutikisa vichwa na kusema kwamba vijana wa leo ni wavivu.

Tunakiri kwamba tumelisema neno hilo mara nyingi. Mwaka huu tuliamua kwenda kuwauliza wale walioacha, na majibu yao yalitutia haya.

Binti mmoja alituambia kwamba yeye huteka maji kabla ya mapambazuko. Alipofika uwanjani, kikundi kilikuwa kimekwisha kuondoka, na mama yake hakumruhusu tena kutoka peke yake gizani. Kijana mwingine aliumwa goti baada ya Jumamosi ya pili. Akaona aibu kusema, akanyamaza nyumbani. Wa tatu hubeba mizigo sokoni juma zima. Alikuja kutafuta wenzake, akakuta mashindano. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hapendi mazoezi. Sisi ndio tuliokuwa tumepanga saa, njia na mwendo kwa kipimo cha wenye nguvu, kisha tukawaita wengine wavivu.

Kwa hiyo tunapenda kutoa maoni yetu waziwazi: kikundi cha mazoezi kisipimwe kwa anayefika wa kwanza. Kipimwe kwa idadi ya wale ambao bado wanakuja baada ya miezi sita.

Mwili wenyewe unatufundisha hivyo. Moyo na pumzi huzoea kazi mpya katika majuma machache, lakini mifupa na kano, yaani zile kamba zinazoshika misuli kwenye mifupa, huhitaji miezi. Ndiyo maana anayeanza hujisikia hodari upesi, huongeza mwendo, kisha goti au kifundo cha mguu humsimamisha. Katika mji wa vilima kama wetu hatari huongezeka, kwa kuwa kila mteremko hutwisha magoti mzigo mkubwa. Anayeanza na atembee kwa haraka, akimbie kidogo, atembee tena. Kipimo chake ni chepesi: akishindwa kuzungumza na mwenzake, apunguze mwendo.

Wapo watakaosema kwamba huo ni mwendo wa wazee. Wamtazame Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Kwa miaka mingi alifanya mazoezi pamoja na kikundi katika kambi ya Kaptagat, na sehemu kubwa ya mbio zao za juma ilikuwa ya polepole. Siku za kasi zilikuwa chache, na zilikuwa na nafasi yake. Ikiwa bingwa haoni aibu kukimbia polepole, sisi tunamwogopa nani?

Tujisahihishe pia kuhusu ile hamu tunayoingojea. Wengi wetu husema, "Nikipata moyo nitaanza." Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96, ambao kila mmoja alichagua tendo dogo la kila siku, kwa mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo lile kuwa mazoea yasiyohitaji kusukumwa. Kwa mmoja siku 18 zilitosha, na kwa mwingine ilikadiriwa zingehitajika 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, Jumamosi peke yake haijengi mazoea, maana katika siku 66 mna Jumamosi tisa au kumi tu. Dakika kumi za kila siku nyumbani, zikifungwa kwenye jambo ambalo tayari tunalifanya, kama kunawa uso asubuhi, zitatusaidia kuliko saa mbili za Jumamosi zinazotuacha tukichechemea. La pili, anayekosa siku moja hajapotea. Lakini akirudi tunampokea kwa dhihaka: "Kumbe ungali hai?" Tunacheka, naye harudi tena. Mzaha huo umetupunguzia watu kuliko mvua na matope.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, nalo linahesabu pia kazi za nyumbani, kazi ya kujipatia riziki na safari za miguu. Basi yule binti anayepandisha bidoni ya lita 20 kilimani hakuja kwetu kama mwanafunzi asiyejua kitu. Mwili wake ulikuwa umekwisha kufanya kazi kabla sisi hatujaamka.

Vivyo hivyo kwa chakula. Hatuhitaji unga wa makopo unaouzwa kwa bei ya kutisha. Bugali kwa maharagi, lengalenga, na sambaza za Ziwa Kivu zinapopatikana, humjenga kijana vizuri. Tuongeze maji safi na usingizi wa kutosha, na tuache desturi ya kumaliza futingi kwenye meza ya bia.

Tunajua wenye mbio watauliza kama tunataka kuwafunga miguu. La hasha. Wapewe siku yao katikati ya juma, washindane watakavyo. Jumamosi iwe ya wote, na anayekuja nyuma ndiye aongoze mwendo. Saa ya kuanza isogezwe mpaka kuwe kweupe na maji yawe yamefika nyumbani. Katika daftari tuandike waliohudhuria, tusiandike nani amemshinda nani. Na anayekosa mara mbili atembelewe kwao. Kijana asiye na kazi, akiachwa na kikundi, hupotewa na mengi kuliko mbio.

Sisi tumeanza. Tunaondoka saa moja na nusu, na tunatembea zaidi kuliko tunavyokimbia. Aliyeumwa goti anatembea nasi. Binti wa maji amerudi, akiwa na mdogo wake. Mbeba mizigo bado hajaja. Jumapili hii, baada ya Misa, tutakwenda kwao kumsalimu.